Bustani ya mtaa hupangwa kuanzia mlango wa nyumba

Daktari wa mjini hachoki kumwambia mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari afanye mazoezi. "Tembea kila siku," mgonjwa huambiwa, naye hurudi nyumbani Kayole, Pipeline au Huruma na agizo hilo pamoja na vidonge vyake. Vidonge atavimeza. Lakini atatembea wapi? Barabara ya mtaani haina kando ya waendao kwa miguu, pikipiki hupita upande wowote zinaotaka, na uwanja aliochezea wanawe miaka kumi iliyopita sasa una ghorofa saba.

Ndiyo maana wiki hii tunatoka hospitalini na kuingia katika ofisi za mipango ya jiji. Kupanga bustani, viwanja na shughuli za burudani kwa wakazi ni kazi ya afya sawa na kuleta maji safi au kuzoa taka, ingawa aghalabu hukabidhiwa watu wa kupanda maua. Tutaitumia Nairobi kama mfano. Wasomaji wa Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret wataona mengi yanayofanana na ya kwao.

Kwanza tukumbushane kipimo cha dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, lilipendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kwa mfano kutembea kwa haraka, dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Wazee wa miaka 65 na zaidi huongezewa mazoezi ya kusimama imara, angalau siku tatu kwa wiki, ili wasianguke na kuvunjika mifupa. Na mtoto wa mwaka mmoja hadi minne, kulingana na mwongozo wa 2019, anatakiwa awe akirukaruka na kuchezacheza kwa jumla ya dakika 180 kwa siku. Hebu, msomaji, zichukue dakika hizo 180 uziweke katika chumba kimoja cha kupanga, ghorofa ya sita, jiko likiwaka pembeni.

Si kwamba Nairobi haina miti. Msitu wa Karura pekee una zaidi ya hekta 1,000. Arboretum, iliyoanzishwa 1907, ina takriban hekta 30. Kuna City Park kule Parklands, na Uhuru Park iliyofunguliwa 1969 ina karibu hekta 13. Lakini ukiigawanya Uhuru Park kwa wakazi 4,397,073 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, kila mmoja atapata mahali panapotoshana na nusu ya karatasi ya kupigia chapa. Hapo hawezi kuweka hata mguu wa pili.

Tena bustani hizo ziko upande mmoja. Wakoloni waliligawa jiji hili kwa rangi za watu: Wazungu wakapewa magharibi na kaskazini kwenye miti na vilima, Waafrika wakawekwa mashariki, uwandani. Uhuru ulipokuja ubaguzi wa rangi uliondoka katika sheria, lakini misitu haikuhama. Mtu wa Muthaiga ana Karura karibu na lango lake. Mama wa Umoja anayetaka mwanawe akimbie kwenye nyasi hulipa nauli ya kwenda na kurudi kwa watu watatu. Ni haki kusema pia kwamba baadhi ya mitaa ya zamani ya Eastlands ilipangwa vizuri. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ina nyumba zilizozunguka nyasi na ukumbi wa kijamii katikati. Mitaa mingi iliyofuata, hasa ile ya wenye kujenga ghorofa za kukodisha, haikuachiwa hata upenyo.

UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, limekuwa likishauri asilimia 15 hadi 20 ya ardhi ya mji iachwe kuwa mahali wazi pa umma, mbali na barabara. Pima mtaa wako kwa macho uone umefikia wapi.

Dakika tano

Kosa la kwanza la viongozi wengi ni kuanza na mchoro. Mhandisi huleta picha yenye chemchemi, njia za vigae na lango la chuma, utepe hukatwa, na mwaka mmoja baadaye chemchemi imekauka. Mtaalamu anayejua kazi yake huanza na ramani ya nyumba. Huweka alama mahali palipo wazi, kisha huchora duara la mita 400 kulizunguka, yaani mwendo wa kama dakika tano kwa mtu mzima. Nyumba zilizo nje ya maduara yote ndizo zenye njaa ya bustani, na huko ndiko pesa za kwanza zinapaswa kwenda.

Hata duara hilo linaweza kudanganya. Uwanja unaweza kuwa mita 200 kutoka mlangoni, lakini katikati ikapita Outer Ring Road au mto usio na daraja. Kwa mtoto wa miaka minane uwanja huo hauko. Kwa hiyo afisa wa mipango hana budi kuitembea njia yenyewe, ikiwezekana akiongozana na mama aliyebeba mtoto na mzee mwenye bakora. Wakati mwingine kivuko cha miguu huongeza afya ya mtaa kuliko bustani mpya.

Baada ya njia huja kuhesabu watu. Kaa kwenye kiwanja saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na moja jioni na tena Jumapili, uandike nani yupo: wanaume, wanawake, wasichana, wavulana, wazee. Kazi hii haihitaji shahada, vijana wa kidato cha tatu wanaweza kuifanya kwa daftari na kalamu. Aghalabu utagundua kwamba uwanja unaosemekana ni wa wote ni wa vijana wa kiume wenye mpira, na kwamba wanawake huukwepa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Sababu utaambiwa ukiuliza: giza, vichaka, hakuna choo, na wale wanaokaa langoni wakiwatupia maneno.

Karatasi za ardhi

Hatua inayoua bustani nyingi zaidi nchini ni karatasi. Ardhi ya umma isiyopimwa wala kusajiliwa ni mali inayosubiri mwenye kuinyakua. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003 na kutoa ripoti yake 2004, ilieleza kwa kirefu jinsi viwanja vya michezo, misitu, ardhi za shule na hata vyoo vya umma vilivyogawiwa watu binafsi kwa barua tu.

Wakazi wa Nairobi wanajua mapambano haya. Jeevanjee Gardens, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi mnamo 1906, iliponea chupuchupu 1991 pale mpango wa kujenga humo ulipopingwa na umma, mwandishi Zarina Patel, mjukuu wake, akiwa mstari wa mbele. Mnamo 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga jumba la orofa 60 lililotaka kusimama ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni, lakini jumba halikujengwa. Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti Karura. Na Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, watoto wenye sare, walirushiwa gesi ya kutoa machozi kwa kuandamana dhidi ya ukuta uliozungushwa uwanja wao wa kuchezea.

Basi kabla ya kununua bembea moja, ulizeni: kiwanja hiki kimepimwa? Hatimiliki iko kwa jina la nani? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la bustani, fuo na vifaa vya burudani, kwa hivyo hakuna ofisi ya kaunti inayoweza kusema jambo hili haliihusu. Kwa Nairobi, utafutaji wa rekodi za ardhi unaweza kufanywa kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa 2021. Chama cha wakazi kisichojua nambari ya kiwanja chake kinapanda miti kwenye shamba la mtu.

Vifaa na ratiba

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Kivuli, choo safi chenye maji, benchi zenye mgongo kwa ajili ya wazee, taa, na njia ya kuzunguka isiyo na matope: hivyo vitano vikiwapo, mengine ni mapambo. Uzio mrefu wa mabati sipendekezi, kwa sababu humficha mwizi kuliko unavyomzuia. Mchanga chini ya bembea ni bora kuliko saruji, kama kila mzazi aliyewahi kumkimbiza mtoto zahanati akiwa na jeraha kichwani anavyojua.

Jambo linalosahauliwa ni ratiba. Nyasi peke yake haziponyi mtu. Mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa atembee huacha baada ya siku nne akiwa peke yake, lakini akiwa na kikundi kinachomngoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, huona haya kukosa. Kwa hiyo bustani inahitaji mtu anayelipwa, hata kama ni kwa saa chache, wa kuongoza mazoezi na kugawa saa za uwanja. Asubuhi iwe ya wazee na wagonjwa, baada ya shule iwe ya watoto na michezo yao ya kati, bano na kuruka kamba. Wasichana wawe na siku zao za mpira zilizoandikwa ubaoni na kuheshimiwa. Wasioweza kukimbia wapewe meza ya drafti na ya ajua, maana upweke nao ni ugonjwa.

Mathare wametoa somo zuri hapa. Mathare Youth Sports Association, iliyoanzishwa 1987, haikungoja viwanja vya kifahari. Ilianzisha ligi za watoto na kuziunganisha na usafi, timu ikipata alama za ligi kwa kusafisha mtaa sawa na inavyozipata kwa ushindi uwanjani.

Mahali pasipo na ardhi kabisa, barabara yaweza kuwa bustani kwa saa chache. Bogota, nchini Kolombia, imekuwa ikizifunga barabara zake kwa magari siku za Jumapili tangu miaka ya 1970 ili watu watembee na kuendesha baiskeli. Karibu nasi, Kigali ilianza siku zake zisizo na magari mnamo 2016, na watu waliokuja kukimbia wamekuwa wakipimwa shinikizo la damu na sukari papo hapo bila malipo. Mtaa wa Nairobi ungeweza kuanza na barabara moja ya mita 300, Jumapili moja kwa mwezi, na muuguzi mmoja mwenye kipimo.

Nani atafagia?

Pesa za kujenga hupatikana, kwa kuwa kujenga kuna utepe wa kukatwa. Pesa za kufagia, kumwagilia na kubadilisha balbu ndizo hukosekana. Kiwanja kisicho na fungu la matengenezo katika bajeti ya kila mwaka afadhali kingojee.

Kibera, kwenye kingo za mito, shirika la Kounkuey Design Initiative na vikundi vya wakazi wamegeuza sehemu zilizokuwa majaa ya taka kuwa viwanja vyenye mahali pa kuchezea, vyoo na vibanda vya biashara, na mapato ya humo husaidia kuvitunza. Dandora, vijana walianzisha mashindano ya kusafisha na kupendezesha nyua zilizo kati ya nyumba, nao wenyewe wakawa walinzi wake. Huko Karura kundi la Friends of Karura lilishirikiana na Shirika la Huduma za Misitu kuweka uzio, na tangu msitu ulipofunguliwa tena kwa wageni 2011 wanaoingia hutozwa ada.

Ada hiyo inaeleweka kwa msitu mkubwa wenye walinzi na njia za kilomita nyingi. Kwa bustani ya mtaa naikataa. Shilingi hamsini kwa kila kichwa ni chakula cha jioni kwa familia fulani, na wale wanaofukuzwa na ada ndio hasa wenye vyumba vidogo na watoto wengi. Choo kitozwe, kibanda kikodishwe, sherehe ya harusi ilipie, lakini nyasi ziwe bure.

Wenye nia ya kudai kiwanja wajue kalenda ya pesa za kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ili mwaka wa fedha uanze Julai 1. Ombi linaloletwa Mei hukuta mambo yamekwisha kupangwa. Mkutano wa wakazi ufanywe Juni au Julai, barua ipelekwe kwa mwakilishi wa wadi na idara inayosimamia bustani, ikiambatanishwa na ramani ya duara la mita 400, hesabu ya watu kwa saa na nambari ya kiwanja. Nakala moja ibaki kwa katibu wa chama, ikiwa na muhuri wa ofisi iliyoipokea.