Sakafu yenye unyevu ni adui wa kifua

Mtoto hukohoa kila usiku msimu wa baridi. Unampeleka kliniki, anapewa dawa na kupata nafuu. Baada ya wiki mbili kikohozi kimerudi. Je, msomaji, umewahi kuchungulia kilicho chini ya sakafu anayolala juu yake?

Wengi wetu hukagua paa na kuta, lakini sakafu tunaisahau. Katika sehemu za Kenya zenye baridi kungali na nyumba kuukuu za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo au msingi wa mawe. Kati ya ardhi na mbao huachwa uwazi ambao mtu hupita kwa kutambaa. Uwazi huo ukitunzwa, nyumba huwa kavu. Ukipuuzwa, huwa makao ya kuvu, panya na mchwa.

Unyevu hutoka wapi?

Udongo hutoa mvuke hata unapoonekana mkavu. Isitoshe, paa lisilo na mifereji humwaga maji ya mvua kando ya msingi, na bomba linalovuja huongeza balaa. Mvuke huo ukikutana na mbao zenye baridi hugeuka matone. Hapo kuvu huota na mbao huanza kuoza.

Kuvu hutoa mbegu ndogo mno ambazo hupenya kwenye nyufa za sakafu na kuingia chumbani. Mwaka wa 2009, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili. Lilieleza kuwa watu wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na pumu na maradhi mengine ya kupumua.

Ichunguze nyumba yako

Dalili ni harufu ya uvundo, mbao zinazobonyea ukizikanyaga, na nguo zinazoota kuvu kabatini. Ikiwa sakafu yako ni ya saruji, bandika juu yake kipande cha plastiki safi kwa utepe pande zote nne. Kifunue baada ya siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa chini, unyevu unapanda kutoka ardhini.

Kabla ya kuingia chini ya sakafu ya mbao, zima umeme kwenye swichi kuu. Vaa buti, glavu, nguo za mikono mirefu na kitambaa au barakoa ya kuziba pua. Beba tochi, tazama kama kuna nyoka, na umwache mtu nje akikusubiri.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, zuia maji. Weka mifereji ya paa, ziba mabomba yanayovuja, na uchimbe mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi.

Pili, ondoa takataka na vipande vya mbao, kwani huwaalika mchwa. Kisha tandaza juu ya udongo ile karatasi nene ya plastiki ambayo mafundi huitandika chini ya zege. Kingo zipandane vizuri ili mvuke usipate njia.

Tatu, fungua matundu ya hewa. Watu wengi huyaziba kwa matambara ili kukinga baridi, kumbe wanafungia unyevu ndani. Afadhali uweke wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Hewa itapita, panya watabaki nje.

Nne, baada ya kila kitu kukauka, ndipo ufikirie kukinga baridi. Ziba nyufa za sakafu na utandike zulia. Ukitandika zulia juu ya mbao zenye majimaji, kuvu hunawiri chini yake.

Kuvu iliyokwisha kuota isuguliwe kwa maji na sabuni, kisha mahali hapo pakaushwe kabisa. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, maana hewa yenye sumu yaweza kutokea.

Onyo kuhusu jiko la makaa

Kuna wanaokausha chumba chenye unyevu kwa jiko la makaa huku madirisha yamefungwa. Usithubutu! Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huweza kuiua familia nzima usingizini. Ukihisi kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, toeni watu wote nje mara moja na mtafute matibabu.

Ikiwa umepanga, mwonyeshe mwenye nyumba uharibifu huo na umwandikie barua. Naye mgonjwa wa pumu asiache dawa zake kwa sababu sakafu imetengenezwa. Amweleze daktari hali ya nyumba anamoishi. Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi, kabla ya mvua ndefu za Machi, kwa kuwa baridi ya Juni na Julai huikuta nyumba jinsi mvua ilivyoiacha.