MADA YA 7: KANIENEO YA GESI KATIKA KOMPRESA YA GARI

Malengo
Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kutofautisha kanieneo ya geji na kanieneo kamili;
(b) kutumia Kanuni ya Boyle kukokotoa hewa inayohitajika;
(c) kueleza kazi ya kila sehemu ya mfumo wa kompresa.

7.1 Utangulizi
Wakati wa mvua, barabara za Majimoto mkoani Katavi huwa na udongo mweusi unaonata. Dereva hupunguza upepo wa matairi ili gari lisizame. Akifika barabara ngumu lazima aujaze tena, kwa sababu tairi laini likienda kasi hujikunja, hupata joto na huweza kupasuka. Ndiyo maana magari ya njia mbaya hufungwa kompresa yake yenyewe.

7.2 Kwa nini kupunguza upepo husaidia?
Kumbuka: kanieneo = kani ÷ eneo.

*Mfano 1.* Gari lina uzito wa N 24,000 uliogawanyika sawa kwa matairi manne. Kadiria eneo la tairi moja linalogusa ardhi upepo ukiwa (i) kPa 240, (ii) kPa 120.

*Ufumbuzi.* Kila tairi hubeba N 6,000.
(i) 6,000 ÷ 240,000 = m² 0.025
(ii) 6,000 ÷ 120,000 = m² 0.05
Eneo limeongezeka mara mbili, hivyo ardhi inakandamizwa nusu ya awali.

7.3 Sehemu za mfumo
Fuata njia ya umeme, kisha njia ya hewa.

1. *Betri, fyuzi na relei.* Kompresa ya Wati 360 kwa Volti 12 huvuta Ampea 30. Usiichomeke kwenye tundu la kuwashia sigara. Waya wake ni mwembamba. Vuta waya mnene kutoka betri, fyuzi ikae karibu na betri.
2. *Kompresa.* Pistoni hugandamiza hewa. Hewa hiyo hutoka ikiwa ya moto, kwa hiyo mpira wa kwanza uwe unaostahimili joto.
3. *Vali ya upande mmoja.* Huzuia hewa ya tangi kurudi kwenye kompresa.
4. *Tangi.* Huhifadhi hewa. Chini yake huwekwa koki ya kutolea maji, maana mvuke hupoa na kuwa maji yanayoleta kutu.
5. *Swichi ya presha.* Huzima kompresa tangi likijaa.
6. *Vali ya usalama.* Hutoa hewa swichi ikishindwa kuzima.

7.4 Kanuni ya Boyle
Robert Boyle alitangaza kanuni hii mwaka 1662: jotoridi lisipobadilika, P₁V₁ = P₂V₂. P ni kanieneo kamili:

kanieneo kamili = kanieneo ya geji + kanieneo ya angahewa

*Mfano 2.* Tangi la lita 10 linasoma kPa 700 kwenye geji. Angahewa ni kPa 100. Likifunguliwa, zitatoka lita ngapi?

*Ufumbuzi.* P₁ = 700 + 100 = 800; P₂ = 100.
V₂ = (800 × 10) ÷ 100 = lita 80.
Lita 10 hubaki ndani ya tangi, zinatoka lita 70.

Kosa la kawaida: Mwanafunzi huandika 700 × 10 = 0 × V₂, akakwama. Geji ikisoma sifuri haina maana kwamba hakuna hewa.

*Mfano 3.* Tairi lina ujazo wa lita 60. Kulipandisha kutoka kPa 120 hadi 240 kunahitaji hewa kiasi gani ya kawaida?

*Ufumbuzi.* (340 − 220) × 60 ÷ 100 = lita 72.
Tangi la Mfano 2 haliwezi kujaza hata tairi moja! Matairi manne yanataka lita 288. Kompresa ya lita 36 kwa dakika itatumia dakika 8.

7.5 Tahadhari
Mfuniko wa tangi lenye kipenyo cha sentimita 20 una eneo la m² 0.0314. Kwa kPa 700, kani inayousukuma ni 700,000 × 0.0314 = N 21,980, karibu uzito wa gari lote la Mfano 1. Usichomelee tangi kwa chuma chakavu, wala usiondoe vali ya usalama ili "upepo uwe mwingi".

Maswali ya kujipima
1. Kompresa ya Wati 240 kwa Volti 12 inavuta Ampea ngapi?
2. Kwa nini tangi lililojazwa sasa hivi husoma pungufu baada ya kupoa?
3. Tairi linasoma kPa 240 kwa 27 °C. Litasoma ngapi kwa 57 °C, ujazo usipobadilika?

Majibu
1. Ampea 20.
2. Jotoridi hushuka, molekuli hugonga kuta kwa nguvu ndogo, kanieneo hupungua.
3. Kamili: 340 × 330 ÷ 300 = kPa 374. Geji: 374 − 100 = kPa 274. Ukitumia 57 ÷ 27 umekosea: jotoridi lazima liwe katika Kelvini.