Mkate wa Kutoa Jiweni: Mafunzo Niliyopata Nikijifunza Kituruki cha Kazi

Nauza nguo Fungurume, Katanga, nchini Kongo, kando ya barabara inayotoka Likasi kwenda Kolwezi. Mzigo wangu naununua Laleli, mtaa wa maduka ya jumla mjini Istanbul. Kwetu vijana wanahangaikia Kichina, kwa sababu Kichina ndicho kinachosikika migodini. Mimi nilishika Kituruki, na nilianza na maneno ya kazi, maana ndiyo yaliyonifikia sikioni tangu asubuhi ya kwanza.

1. Anayefanya kazi hapitwi kimya

Asubuhi hiyo nilikuwa kwenye ngazi za jengo la maduka. Hamali alikuwa akipanda na furushi la nguo mgongoni, amepinda hadi uso wake hauonekani, mkono mmoja umeshika kamba kwenye paji la uso. Mama aliyekuwa akishuka alijibana ukutani, akasema, "Kolay gelsin." Hamali akajibu, "Sağ ol," yaani asante, bila kuinua kichwa. Nikadhani wanajuana. Kabla ya jua kutua nilikuwa nimeyasikia maneno hayo akiambiwa mfagiaji, fundi cherehani, na hata karani aliyekuwa akihesabu noti.

Kolay ni rahisi, gelsin ni na ije. Kazi na ikujie kwa wepesi. Moyo wangu ulirudi nyumbani papo hapo, kwenye "pole na kazi" yetu, kwa sababu hata kwetu humpiti mtu anayelima au anayetwanga kama unavyopita mti. Ila maneno haya mawili hayalingani, na tofauti yao nimeitafakari sana. Pole inaugusa uchovu ambao umekwisha kumpata mtu. Inamwambia mzigo wako nimeuona. Kolay gelsin inaitazama kazi iliyobaki. Mtu aliye katikati ya ngazi, nadhani, anaihitaji zaidi kolay gelsin. Akishafika juu, mpe pole. Sisi wa Katanga tunayo pia "kuraje", tuliyoichukua kwa Wafaransa, nayo inasimama mahali fulani kati ya hizo mbili.

2. Maneno mengi nilikuwa nayo tayari

Mkongomani anayejua Kiswahili anaingia Kituruki kwa milango miwili. Kifaransa kimewapa Waturuki şoför, kamyon, garaj na bagaj. Kiarabu kimewapa, kama kilivyotupa sisi, hamal na hamali, sabır na subira, hizmet na huduma. Mshahara wanauita maaş, neno la shina lile lile lililotupa maisha. Na kuna lililonishtua, ingawa ni sadfa tupu ya sauti: kazı, kwa ile ı yao isiyo na nukta, ni uchimbaji, na kazma ni sululu. Mtoto wa Fungurume hawezi kulisahau neno hilo akilisikia mara moja.

3. Silabi moja inatenganisha kazi na wizi

Kufanya kazi ni çalışmak. Kuiba ni çalmak. Safari ya pili, mwenye duka ninayenunua kwake suruali aliniuliza, "Ne iş yapıyorsun, abla?" Yaani, dada, unafanya kazi gani? Nikajibu, "Dükkânda çalıyorum." Akaweka chini kigilasi chake cha chai, akanitamkia polepole: ça-lı-şı-yo-rum. Nilikuwa nimemwambia kwamba naiba dukani. Akanirudisha tena na tena hadi likakaa sawa ulimini, na sauti yake ilikuwa ya upole.

Nilinyamaza, na hakujua kwa nini. Mwaka 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, Kolwezi, kaka yangu alikuwa miongoni mwa walioshuka mashimoni. Mengine yalianzia ndani ya vyumba, kitanda kimesogezwa pembeni. Alikuwa akirudi na vumbi jeusi kwenye kope, kucha zimekatikia nyamani, na kulikuwa na watu waliowaita yeye na wenzake wezi. Yeye alisema neno moja, lile tunalosema sisi wa Katanga: "Natumika." Nafanya kazi. Kwa miaka mingi sikujua jinsi ya kueleza uchungu wa kuitwa mwizi ukiwa unatokwa jasho. Lugha ya watu wa mbali ilinionyesha jinsi wengine wanavyoweza kuyasogeza maneno hayo mawili, kazi na wizi, hadi yakagusana.

Çalışmak, isitoshe, ni neno pana. Mtoto anayejisomea mtihani "ders çalışıyor". Anayejaribu kuelewa "anlamaya çalışıyor". Kufanya kazi, kusoma na kujaribu, vyote kitenzi kimoja. Nalipenda kuliko maneno yao yote.

4. Jiwe la msemo ni jiwe kweli

Mtu asiyeshindwa kujitafutia riziki hata mahali pagumu, Waturuki husema anatoa mkate wake jiweni: ekmeğini taştan çıkarıyor. Nilipousikia nilimweleza mwenye duka kwamba kwetu huo si msemo. Watu wanapasua jiwe, wanaliosha, wanalitia kwenye gunia, wanaliuza, jioni wananunua bunga la bukari, yaani unga wa ugali.

Akaniambia baba yake alichimba makaa ya mawe Zonguldak, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Kisha akanisimulia habari za Soma. Mwezi Mei 2014, mwaka ule ule wa Kasulo, moto ulizuka katika mgodi wa makaa huko na wachimbaji 301 wakafa. Mmoja wa waliookolewa, walipotaka kumlaza kwenye machela, aliuliza kama avue kwanza buti zake asije akaichafua. Mwenye duka aliposimulia hapo aliacha kukunja suruali. Nami niliona vumbi lile la kope.

5. Shukrani huenda kwenye kiungo kilichochoka

Aliyekupikia: eline sağlık, afya kwa mkono wako. Aliyetembea kuja kukuona: ayağına sağlık, afya kwa mguu wako. Aliyejitahidi: emeğine sağlık, afya kwa juhudi yako. Nyumbani sasa, binti yangu akiniwekea bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, mezani, namwombea afya ya mkono. Ameshazoea.

6. Neno husafiri kwa kamyo

Malori ya Tanzania hupita mbele ya duka langu kila siku, yakija kuchukua shaba. Siku moja dereva alikuwa amelala chini ya lori lake, anafungua gurudumu juani. Nikampita na ndoo yangu ya maji, ulimi ukanitangulia: "Kolay gelsin, usta." Usta ni fundi.

Spana ikasimama. Sauti ikatoka chini ya lori: "Sağ ol, abla!"

Akajivuta nje, grisi hadi kwenye viwiko, ananishangaa kama ninavyomshangaa. Kumbe alikuwa akibeba kokoto upande wa Morogoro, wakati kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi ilipokuwa ikijenga reli ya kisasa iliyoanza kujengwa mwaka 2017 kutoka Dar es Salaam. Tukahesabu maneno tuliyo nayo sote wawili. Yeye alikuwa na mengi ya vyuma, mimi ya nguo. Nikammiminia maji anawe. Akanywa yaliyobaki, akashukuru, akarudi chini kukaza nati.