Kamba wa kitunguu saumu

Swali: Naletewa kamba wa barafu kutoka Mombasa hadi Wote, Makueni. Nikiwakaanga na kitunguu saumu, huwa wagumu kama mpira. Nifanyeje?

Jibu: Unawapika mno, dada. Wayeyushe ndani ya friji, si kwenye joto la Makueni. Toa uzi mweusi wa mgongoni, kisha wakaushe kwa kitambaa. Wakiwa na maji watachemka badala ya kukaangika. Mafuta yakipata moto, wape dakika moja na nusu kila upande. Wakigeuka rangi ya waridi na kujikunja, tia saumu iliyopondwa, koroga sekunde 30, epua. Saumu ikiungua ni chungu. Kamulia ndimu. Mimi huwala na ndengu za Kitui. Wali hauoni ndani. Waliobaki usiwagandishe tena.