Nywele za dawa zinakatika kabla ya kuritachi

*Naishi Muleba, na kila baada ya miezi mitatu naenda Bukoba kuweka dawa ya nywele. Ikifika mwezi wa pili nywele zinakatika nikichana, karibu kabisa na ngozi. Je, niwahi kuritachi?*
*Mama K.*

Usiwahi, dada. Hapo zinapokatikia ndipo penye jibu. Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo sasa una mizizi mipya ya kipilipili iliyoungana na nywele zilizolainishwa. Dawa hulainisha kwa kuvunja viungo vinavyoupa unywele nguvu, na kitana kikivuta, maungio hayo ndiyo huachia. Ukirudia mapema, ni vigumu dawa isiguse sehemu iliyokwisha kulainishwa, nayo haistahimili mara ya pili.

Utasema mvua za huko Muleba hazikuachi: leo umepiga pasi, kesho unyevu umeikunja mizizi tena. Ni kweli, lakini kupiga pasi kila siku ndiko kunakokumalizia nywele. Acha kushindana na mizizi. Seti kwa roli, au zibane bila kuzivuta. Ukiosha, paka kondishena, tenganisha kwa vidole, kisha chana kwa kitana cha meno mapana ukianzia nchani. Wengi husema kusuka kunapumzisha nywele. Kunapumzisha iwapo msusi hakazi. Msuko unaokunyima usingizi ufumue usiku huohuo. Ukiona vidonda, mabaka ya upara au nywele za mbele zinarudi nyuma, simamisha dawa na uende hospitali, iwe Rubya au ya rufaa Bukoba, kwa sababu kovu likishaziba vinyweleo, nywele hazioti tena.