Kabla Hujaandika Bajeti, Kaongee na Akina Mama

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Morogoro, hongera sana kwa kumaliza shahada ya uzamili. Unasema unataka kuomba ruzuku ya utafiti wa usonji, kila tangazo la wafadhili linadai ubunifu, na sasa unatafuta kijana wa kukutengenezea programu ya simu, maana unaamini bila teknolojia hakuna atakayelisoma andiko lako. Naomba usimlipe kijana huyo bado.

Ubunifu huanzia kwenye swali. Nikupe mfano. Kipimo cha usonji kinachotegemewa sana duniani, ADOS, kina zoezi ambalo mtaalamu na mtoto mdogo humfanyia mwanasesere sherehe ya kuzaliwa: keki, mishumaa, wimbo, kupuliza. Mtaalamu anatazama mtoto anavyoshiriki. Sasa mchukue mtoto wa kijijini Kilosa ambaye hajawahi kuona keki yenye mishumaa. Akikaa kimya, amekwama kwa sababu ya usonji au kwa sababu ya keki? Mtafiti aliyekaa Boston hawezi kuliona swali hilo kirahisi. Wewe umelelewa nalo, ndiyo mtaji wako.

Kilifi, kwenye Pwani ya Kenya, wenzetu wameianza zamani kazi ya kujiuliza maswali kama hilo. Mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza upo pale tangu 1989, na watafiti kama Charles Newton na Amina Abubakar wametumia miaka mingi kuvirekebisha vipimo vya ukuaji wa watoto viendane na lugha na maisha ya Pwani. Baadaye Kilifi ikawa kituo cha NeuroDev, mradi wa vinasaba na ukuaji wa ubongo unaofanyika pia Cape Town. Tafuta makala zao uzisome zote kabla hujaandika sentensi ya kwanza. Mfadhili akigundua hujui kilichofanywa jirani yako, andiko lako limeishia hapo.

Kisha nenda kwa akina mama. Nenda kwenye kitengo maalumu cha shule ya msingi iliyo karibu nawe, keti nao wanaposubiri watoto, uliza kinachowanyima usingizi. Huenda hakuna atakayekutajia vinasaba. Watakuambia juu ya mtoto anayetoroka usiku, choo, dada wa kazi asiyekaa, na hofu ya nani atamlea mtoto wao wakishafariki. Hata Uingereza, Liz Pellicano na wenzake walipopitia fedha za utafiti wa usonji za miaka ya 2007 hadi 2011, walikuta asilimia 56 zimekwenda kwenye biolojia, ubongo na utambuzi, wakati watu wenye usonji na familia zao walitaka zaidi utafiti wa kuwasaidia kuishi siku hadi siku. Pengo hilo ni kubwa, na kwangu mimi ndipo penye ubunifu wenyewe. Biolojia ni muhimu, ila ina wenyewe wengi wenye maabara.

Suala la fedha zinatoka kwa nani usilichukulie kwa wepesi. Wafadhili wengine wameumia wenyewe. Stephanie Shirley, mkimbizi aliyefika Uingereza mwaka 1939 akiwa na miaka mitano, alitajirika kwa kampuni yake ya kompyuta, kisha akatumia mali yake kuanzisha shirika la Autistica kwa ajili ya utafiti. Mwanawe, Giles, alikuwa na usonji. Lakini kumbuka pia Andrew Wakefield. Mwaka 1998 alichapisha katika jarida la Lancet makala ya watoto 12 tu, akihusisha chanjo na usonji, huku akiwa ameficha kwamba alilipwa kupitia wakili wa wazazi waliotaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo. Makala ilifutwa 2010, naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari, lakini hofu aliyoipanda bado inawafanya wazazi wawanyime watoto chanjo. Kwa hiyo anayekulipa atajwe waziwazi, na akitaka jibu kabla hujakusanya takwimu, muage kwa heshima uondoke.

Sasa mambo ya karatasi. Ruzuku kubwa kwa kawaida hupewa taasisi, nawe kwa shahada uliyonayo huenda usikubaliwe kuwa mtafiti mkuu. Tafuta mhadhiri mwenye uzamivu ambaye jina lako hatalimeza. Mkubaliane kwa maandishi mapema nani ataongoza nini na nani atatajwa kwenye makala. Anza na ruzuku ndogo ya majaribio, zile zinazotolewa kwa wazo ambalo bado halina ushahidi wa kutosha. Simons Foundation ya Marekani, mmoja wa wafadhili wakubwa wa sayansi ya usonji, hupokea maombi hata ya taasisi zilizo nje ya nchi yao, lakini masharti ya kila tangazo uyasome mwenyewe, usiambiwe.

Kwenye bajeti, weka nauli ya mama na ya mtoto, chakula, na fidia ya siku aliyoacha genge lake ili aje kwako. Weka pia fedha za kurudi kuwapa majibu. Nimechoka kusikia wazazi wakisema walijaza madodoso, mate ya mtoto yakachukuliwa, na gari likaondoka moja kwa moja. Mtafiti anayefanya hivyo anawaibia.

Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, huchukua muda, na wafadhili wengi hawatoi hata senti bila hicho. Andaa nyaraka zake mapema, na rasimu yako ya kwanza msomee mama mmoja kati ya wale, kwa Kiswahili, kabla hujampelekea mhadhiri.