SOMO LA KOMPYUTA: TUCHAGUE KOMPAILA GANI?

Vijana wa Kibera na wenzao wa Kawangware wametuuliza: wakitaka kujijengea mfumo wa Linux kwa zile kompyuta kuukuu za msaada, watumie kompaila toleo lipi? Si swali dogo. Kompyuta kuukuu inaweza kufanya kazi hiyo usiku kucha, na ukikosea toleo, asubuhi tokeni za stima zimeisha na huna kitu mkononi.

Kompaila ni kama mkalimani pale kanisani. Mhubiri husema kwa lugha yake, mkalimani akawafikishia waumini. Programu imeandikwa kwa lugha ya C, nayo kompaila huigeuza iwe ile mashine inayoielewa. Wengi wetu tunatumia GCC, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1987.

Sasa, watu hukimbilia toleo jipya kabisa. Hapo ndipo taabu huanza, maana mkalimani mpya ni mkali. Zamani programu ikiita funksheni isiyotangazwa mapema, GCC ilitoa onyo tu ikaendelea. Toleo la 14, la mwaka 2024, linakataa katakata. Toleo la 15, la 2025, hufuata kanuni za C23 usipoliambia vingine. Humo neno bool limekuwa la lugha yenyewe, basi programu ya zamani iliyojitungia bool yake inakwama. Dawa ipo: andika -std=gnu17 unapojenga. Lakini kukimbizana na programu mia, moja baada ya nyingine, nani ana siku hizo?

Toleo la kale mno nalo halifai. Kerneli ya Linux 6.16, ya 2025, haikubali GCC iliyo chini ya 8.1.

Sisi tunaangalia Debian kwanza, kwa sababu wao wameshajaribu maelfu ya programu. Debian 12 ya 2023 imejengwa kwa GCC 12, na Debian 13 ya 2025 kwa GCC 14. Kama mashine yako ni ya biti 32, baki na Debian 12 na GCC yake, kwani Debian 13 haina tena kerneli wala diski ya kuwekea mfumo kwenye mashine hizo.

Halafu usichanganye! Mwaka 2015, GCC 5 ilibadilisha jinsi C++ inavyohifadhi maneno, na vipande vilivyojengwa kwa matoleo tofauti vikakataa kuungana. Shika toleo moja mwanzo hadi mwisho, na uliandike kwenye daftari ili atakayekupokea zamu asilete lake.

Jambo moja zaidi: GCC yenyewe, ukiijenga kwa njia ya kawaida, hujijenga mara tatu, kisha hulinganisha ya pili na ya tatu. Kwa hivyo nunua tokeni kabla duka halijafungwa.